Chupa Zenye Herufi M

Jumatatu, 3 Machi
Kumi na tatu. Kumi na tatu tena! Mwezi uliopita mashapo ya kahawa, kutoka mikahawa ileile, yalinipa gramu arobaini na moja kwa kila kilo. Dawa tupu ya kuzuia mafuta yasiharibike. Bosi kashaitangaza hiyo arobaini na moja kila mahali. Jumatatu ijayo watu wa kiwanda wanakuja kujionea. Wakiridhika, wanajenga mtambo mkubwa wa mashapo, nami napata ajira ya kudumu. Miaka mitatu ya mikataba ya miezi sita sita — nimechoka.

Nimeketi, nimesimama, nimeketi. Sijala.

Jumanne, 4 Machi
Nimemlaumu fundi wa maabara. Nimemwambia mtambo wake wa kukamulia unavuja: maji na spiriti vikipata moto mkali bila kubanwa, vinageuka mvuke, havikamui kitu. Akafungua silinda, akabadilisha mpira, akabana. Saa nzima mshale wa shinikizo haukucheza. Dada, akasema, chombo changu kizima, kaangalie ulichokitia.

Nimeondoka bila kuaga. Mchana nimekamua tena: gramu kumi na mbili.

Alhamisi, 6 Machi
Asubuhi Mama yuko jikoni, kopo mkononi. Juu yake nimeandika Ch. Maji ya chai yanachemka, anafungua — chumvi! La pili nalo: Ch. Msomi mzima, anasema, kwani herufi unazinunua? Kacheka mpaka kakaa.

Mimi sikucheka. Nilikimbilia maabara.

Kabatini kuna chupa kumi na moja zimeandikwa M. Mwandiko wangu. M ya mashapo, yanayobaki kahawa ikishapikwa. M ya maganda, yanayobaki ikishakobolewa. Yote nimeyasaga, yote unga wa kahawia. Pupa yangu hii itaniua!

Ijumaa, 7 Machi
Nimekamua maganda, gunia jipya, nimelifungua mwenyewe. Arobaini. Nikarudia: arobaini na mbili.

Ile arobaini na moja haikuwa ya mashapo. Haikuwa ya mashapo hata siku moja.

Nimekwenda mlangoni kwa Bosi mara tatu. Mara ya tatu kafungua mwenyewe, simu sikioni, kaninyanyulia dole gumba, kafunga. Nikashukuru. Aibu gani hii — kushukuru!

Jumamosi, 8 Machi
Nimemwambia Mama yote. Kwamba wale wa kiwanda wana mashapo tele, maganda hawana hata kiganja. Kwamba wakijua huenda wakaondoka, na ajira ikaondoka nao. Mficha uchi hazai, kasema, akaendelea kuchambua mchele. Nilitaka anijibu nini? Ninyamaze?

Nimefua mapazia. Hayakuwa machafu.

Jumatatu, 10 Machi
Saa tatu kasoro robo. Bosi yuko chini anapokea wageni. Nimemwomba fundi radhi, nikamweleza. Hakunisimanga. Kauliza tu: Bosi anajua? Nikatikisa kichwa.

Nimebandua lebo ya chupa ya arobaini na moja. Nimeandika upya: MAGANDA. Herufi zote saba, kubwa. G imekaa upande. Nimeiweka katikati ya meza, mbele ya viti vya wageni.

Naweza kuitoa bado. Hatua mbili tu.

Fundi kaisoma. Kavuta kiti, kakaa karibu yangu. Viatu ngazini. Namsikia Bosi akicheka, anawaambia sasa mtamwona binti yetu wa mashapo —