Kaseti ya Ngoma na Kaseti ya Kukimbia

Mangobo, Kisangani
Tarehe 9 Novemba 1987

Mpendwa yaya Octave, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimia sana, wewe na wifi Georgette na watoto. Kifua chako kinaendeleaje? Uliandika kwamba baridi ya Liège inakukohoza. Natumaini umepata koti zito. Mimi niko mzima wa mwili. Mvua ni nyingi, mto umejaa mpaka samaki wamekuwa haba, na tunakula pondu kavu, majani ya mihogo bila samaki. Lakini tunakula, Mungu asifiwe.

Yaya, najua umesikia kwamba shemeji yako Sébastien, mume wangu, hayuko tena. Watu wamekwambia ni malaria. Haikuwa malaria. Barua hii naipitisha kwa sista Clothilde, anayekuja huko likizo, ndiyo maana naweza kuandika wazi. Tafadhali kaa chini, usome polepole.

Yote yalianza na filamu. Papa Léon, yule mfanyabiashara wa vitenge tunayetazamana naye mlango kwa mlango, alinunua Kinshasa mashine ya video na kaseti sita za filamu moja ya Wazungu, ile ya vipande-vipande, iitwayo Kisiwa cha Gavana. Kaseti zilipanda na meli, sanduku likaingia maji, karatasi za namba zikabanduka zote. Hakuna aliyejua ipi inatangulia, ipi inafuata. Kila Jumapili baada ya misa Papa Léon aliwasha groupe yake ya umeme, akaweka televisheni kwenye baraza, na ua wake ukajaa watu. Tulitazama ovyo. Mtu tumemzika Jumapili hii, Jumapili ijayo anaoa. Lakini tuliipenda, yaya! Watu wazima walitembea barabarani mkono mgongoni kama Gavana, na ukienda sokoni unakuta wauza mihogo wanabishana juu ya kaseti.

Kidogo kidogo tulizipanga nne. Zikabaki mbili. Katika moja, Gavana amekaa kitini na watu wote wa kisiwa wanamchezea ngoma. Katika nyingine, watu hao hao wanavunja mlango na yeye anakimbilia mtumbwini. Ipi ni ya mwisho?

Unamkumbuka Emile, fundi wa mbao, rafiki wa Sébastien tangu shule ya primaire. Yeye alisema Gavana anarudi.

"Anakimbia kwanza, halafu anarudi, watu wanamuchezea. Mukubwa hawezi kukimbia hivi hivi na filamu inaisha."

"Na mupishi wa Gavana?" Sébastien akamuuliza. "Siku ya kukimbia, mupishi anapigwa risasi kwenye ngazi, sisi wote tumemuona. Siku ya ngoma, mupishi huyo huyo iko anakata nyama. Mutu anakufa, halafu anakata nyama?"

"Labda ni pacha yake."

Ua mzima ukaangua kicheko. Sébastien hakucheka. Alisimama kama yuko mbele ya darasa lake.

"Donc, basi, ngoma iko mbele, kukimbia iko nyuma. Gavana anaanguka mwisho, Emile. Hakuna namna ingine."

Unaijua ile sauti yake ya ualimu. Ilivuka ukuta, ikafika barabarani. Nani aliibeba mbele zaidi, mpaka leo hatujui. Tulikuwa wengi pale, na sasa kila ninayemsalimia namtazama macho.

Watu wa usalama walimchukua shuleni, wanafunzi wakiona. Emile naye aliitwa, ndiye aliyenisimulia. Mkubwa wao aliuliza ni mkubwa gani huyo anayeanguka mwisho, na hao wanaokutana kila Jumapili wanapanga nini. Emile alijibu kwamba yeye alibishana juu ya filamu tu. Akaongeza, "Na nikifikiri muzuri, chef, Sébastien iko na haki. Mupishi amekwisha kufa." Walimpiga mpaka meno ya mbele yakatoka, wakamtupa nje. Sébastien wakabaki naye.

Nilikuwa napeleka chakula huko alikofungwa kila asubuhi. Askari wa mlangoni alipokea sahani, akarudisha sahani tupu, na sikujua nani amekula. Siku moja tu waliniruhusu nimwone. Jicho moja lilikuwa limefunga. Nakuambia kweli, yaya, nilimkasirikia. Nilimwambia:

"Sema basi ngoma ni ya mwisho, urudi nyumbani. Ni filamu, Sébastien! Ni Wazungu wanacheza!"

Akanijibu taratibu, maana midomo ilimuuma.

"Hiyo nimekwisha kuwaambia. Nimesema ngoma iko mwisho, nimesema Gavana haanguki, nimesema yote. Hawataki kaseti, Germaine. Wanataka niseme Emile na papa Léon walikuwa wanakusanya watu kwa kumutukana Mukubwa wa inchi. Niseme, niweke sinyé kwenye karatasi, niende. Hiyo sitaweza."

Halafu akaniuliza kama nyumba inavuja pale juu ya kitanda. Nikasema haivuji. Ilikuwa inavuja.

Sikumwona tena akiwa hai. Tuliitwa hospitali kuchukua mwili, na karatasi ilisema malaria. Mimi ndiye niliyemwosha. Malaria haivunji mbavu.

Matanga yalikuwa na watu wachache. Papa Léon hakuja. Alikuwa amekwisha kuuza mashine na kuhamia Bunia. Simlaumu, ana watoto. Emile alitengeneza sanduku kwa mbao zake mwenyewe. Hakulitengeneza ndani ya karakana yake. Alilitoa mbele ya barabara, mchana kweupe, akagonga misumari avenue nzima ikisikia. Watu walipita wakitazama chini.

Mama Berthe, mama yake Sébastien, alifika kwa mtumbwi kutoka Yanonge. Alikaa kando ya sanduku, akauliza mtoto wake alifanya nini. Nikamwambia alibishana juu ya filamu. Akauliza: "Na alikuwa na haki?"

Bado yuko hapa kwangu, na huuliza tena anaponikuta jikoni.

Nisalimie wifi Georgette, umwambie kitenge alichonitumia nilikivaa siku ya maziko. Wabusu watoto. Emile anakusalimia, ingawa sasa maneno yake hayasikiki vizuri.

Yaya, huko kwenu filamu hiyo ilipita kwenye televisheni, na watu waliiona kwa mpango wake. Uliza. Lakini ukijibu, usiandike neno juu ya kaseti, maana barua za posta zinafunguliwa. Kama Gavana anaanguka mwisho, andika tu kwamba theluji imeanguka Liège. Nitamsomea mama Berthe, na nitamweleza maana yake.

Na kama anarudi, kama Sébastien alikosea, andika vilevile kwamba theluji imeanguka.

Mungu akulinde katika nchi ya watu, akufunike wewe na nyumba yako.

Mdogo wako akupendaye,
Germaine