Joho la Shosho Wambui

Jumatatu, 11 Agosti

Sketi za shule tangu asubuhi. Marinda, marinda, marinda. Kidole kimekufa ganzi. Mchana akaingia shosho mmoja, mama mzee kutoka Kabazi, sweta mbili, kitambaa cha kichwa, viatu vina udongo wa shamba. Anaitwa Wambui. Akafungua gazeti, akatoa picha iliyochorwa kwa kalamu. Mwanamke juu ya kilima, joho lake limefunika bonde zima.

"Fundi, nataka hiyo nguo."

Nikamwuliza ni ya mjukuu wa miaka mingapi.

"Ni yangu."

Jumamosi maktaba ya hapa mjini ina tamasha la vibonzo, la watoto na wazazi wao. Mume wake, Mzee Karanja, amepewa meza. Mkulima, lakini amechora vibonzo maisha yake yote na hakuna mtu nje ya boma amewahi kuviona, mpaka binti yao akawapelekea watu wa maktaba. Shosho anataka kuingia pale amevaa kama mwanamke wa hiyo michoro. Mzee hajui.

Nimekubali kabla ya kufikiria.

Jumanne, 12 Agosti

Nimenunua bitana ya kijivu, kile kitambaa cha ndani ya makoti. Kitambaa kingi kuliko gauni lolote la harusi nililowahi kushona. Nyepesi, itapepea vizuri. Pia inateleza kama mboga ya mrenda. Naichukia.

Jumatano, 13 Agosti

Shosho amekuja kupimwa. Anasimama wima kama askari. Nikamwuliza huyu mwanamke ni nani hasa.

Ni yeye. Enzi hizo yeye na Mzee walikuwa wameoana juzi tu. Viazi vimetoa maua, jioni ikaingia na anga safi kabisa, wakajua jalidi, ile baridi ya barafu, inakuja kuchoma shamba. Mzee alikuwa amevunjika mguu, hawezi kutoka kitandani. Shosho akabeba blanketi, mapazia, magunia, koti lake la kanisa, akaenda kufunika viazi mstari kwa mstari. Mzee alimtazama kupitia dirishani. Tangu usiku huo anamchora. Kila mwaka joho linakuwa kubwa zaidi.

"Mimi nilikuwa nalia nikifunika," akaniambia. "Kamasi mpaka kwa mdomo. Sasa ona vile alinichora."

Alipoondoka sikushona kwa muda. Niliangalia tu ile picha.

Ijumaa, 15 Agosti

Siku mbaya. Nilitundika joho, uzito wake ukaivuta shingo, bega likachanika. Nikafumua yote.

Halafu Shosho akapiga simu. Mzee amekataa kwenda. Anasema vijana wa Nairobi watakuja na michoro ya kompyuta, nani ataangalia kalamu ya mzee. Shosho atakuja peke yake, na michoro kwa kiondo.

Naogopa. Nawaona wale vijana na simu zao, wakimrekodi, wakicheka. Shosho wa watu, wa Chama cha Akina Mama kanisani. Na mimi ndiye nimemshonea aibu.

Nimetia ukanda wa turubai ndani ya shingo. Mishono miwili. Haitachanika tena.

Jumamosi, 16 Agosti

Maktaba ilijaa. Baba mmoja amekaa sakafuni na binti zake wawili, vichwa vitatu kwa kitabu kimoja. Watoto wamepakwa rangi usoni. Vijana wa mtaa wa Bondeni ninaowajua kwa kelele, wamenyamaza, wanasoma. Sikujua watu wanaweza kupenda vitabu hivyo.

Mimi na Shosho tulipanga michoro mezani. Kiti cha mzee kitupu. Shosho akaenda chumba cha nyuma kuvaa.

Alipotoka, kijana mmoja akaanza, "Niaje, sho—" na hakumaliza. Vichwa vikageuka, meza baada ya meza, hadi ukutani. Kasichana kalikokuwa kwenye meza yetu kakaangalia mchoro, kakamwangalia yeye.

"Mum, ni yule."

Shosho akainua mikono. Joho likafunguka, na likaendelea kufunguka. Nimelishona mimi, najua kila pindo lake, na sikulijua. Watoto wakaingia chini yake, mmoja, mwingine, hakuna aliyewaambia. Hakuna aliyecheka. Mwanamke mdogo wa Kabazi, na ukumbi mzima uko chini yake.

Ndipo nikamwona mzee mlangoni. Koti la kanisa, bakora, kofia mkononi. Alikuwa amemfuata. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Akatembea mpaka ukingo wa joho, akaligusa kwa vidole viwili kama mtu anayepima kitambaa dukani.

"Karanja," Shosho akasema, mikono bado juu, "keti. Hawa watoto wanakungoja."

Akaketi. Kale kasichana kakauliza mwanamke wa michoro anaitwa nani, maana hajaandikwa jina popote.



"Wambui," mzee akasema. "Ni bibi yangu."

Jumapili, 17 Agosti

Kanisani nilikaa nyuma. Mashosho walikuwa mstari wa mbele kama kawaida. Niliwatazama migongo ibada yote. Yule wa bega lililoinama. Yule anayeshika mkoba kwa mikono miwili. Sikusikia mahubiri.

Baadaye nilisimama mlangoni nikawasalimia mmoja mmoja. Mikono mikavu, mizito. Sikuwa na haraka ya kuiachilia.