Viraka Vinavyoanzia Gitothua

Mpendwa Maitu,

Nakuita hivyo kwa sababu sina mwingine wa kumwita hivyo. Ulipewa jina la mama yangu, na kama ilivyo desturi yetu, tangu ulipozaliwa nilikuita Maitu, yaani mama. Ulipokua ukaligeuza kuwa mchezo. Ulikuwa unaingia dukani kwangu hapa Gitothua, unaweka mkoba juu ya cherehani na kuuliza kwa sauti ya kikongwe, "Kijana wangu, umekula?" Nami, na mvi zangu zote, nilijibu, "Bado, mama." Wateja walikuwa wanacheka hata kabla sijajibu.

Leo nataka kukupa habari za kompyuta yako.

Unakumbuka ulivyohangaika kunieleza kazi yako ya Thika? Sikuelewa mpaka ulipookota vipande vya kitambaa sakafuni. Ulisema picha ya ardhi iliyopigwa kutoka juu ni kubwa mno, haiwezi kuletwa yote kwa pamoja. Inakatwa viraka vya mraba, vinawekwa kwenye seva, ile kompyuta kubwa iliyo mbali, na kila kiraka kinajua mahali pake duniani. Programu yako, uliyoiandika kwa Java, lugha ya kompyuta, iliviomba viraka hivyo kupitia intaneti, kisha ikavishona upya kwenye kioo cha kompyuta.

"Ni kazi yako tu, Baba," ulisema. "Ila mimi sichomwi na sindano."

Siku ya kwanza kunionyesha, kioo kilibaki cheupe. Ulitazama, ukashika kichwa. Zile namba mbili za mahali nyumba yetu ilipo, uliziandika kinyume, ya pili ikatangulia ya kwanza.

"Baba, nimetupa Gitothua baharini! Huko karibu na Ulaya!"

"Na cherehani yangu?"

"Imelowa kabisa."

Tulicheka mpaka mama wa mboga akachungulia mlangoni. Ulipozirekebisha, uliamua programu ianzie nyumbani kwetu kila inapofunguliwa, ili ukikosea tena ujue mara moja. Ndiyo maana kiraka cha kwanza kilikuwa kila mara ni paa letu, uwanja wetu, na kamba ya nguo.

Ofisi yenu iliporusha droni kupiga picha mpya, mlihitaji alama nyeupe za kutandazwa chini, zionekane kutoka juu. Nilikushonea misalaba mikubwa ya kitambaa. Mmoja tuliulaza uwanjani kwetu. Upepo ulikuwa unauinua, basi wewe ukapiga magoti na kushika kona moja, nami nikakimbilia ndani kutafuta kitu kizito cha kuugandamiza. Niliporudi droni ilikuwa imeshapita. Kwa hivyo kwenye picha uko wewe peke yako, kitone chekundu cha sweta kando ya msalaba, na kivuli chako kimelala kuelekea jikoni.

Halafu ugonjwa ukaja, nao ulikuwa na haraka.

Kompyuta yako niliileta dukani. Njoroge, yule mwenzako wa ofisini, alinionya kwamba programu ikipata intaneti itauliza seva kama kuna picha mpya, na ikiwepo, itaibadilisha ile ya zamani. Bila intaneti ingeendelea kuonyesha iliyobaki ndani. Basi sikuiunganisha. Kila asubuhi nilikuwa naifungua, na wewe ulikuwa pale, umeshika kona. Nilikuwa namimina chai vikombe viwili. Nyakati nyingine niliona kama sweta imesogea kidogo. Nilikuwa nafunga mlango, naikaribia picha mpaka vitone vyote vinakuwa rangi tupu, kisha narudi nyuma polepole ili urudi kuwa mtu.

Droni ilirushwa tena. Wenzako wa ofisini waliniomba nitandaze msalaba palepale. Nilitandaza, Maitu. Nilipiga magoti.

Wiki iliyopita Njoroge alikuja. Alikaa kwenye kiti chako bila kujua ni chako.

"Baba Shiru, hatuna mtu mwingine anayeielewa hii programu," akasema, akiniita kwa jina lako. "Watu wa eneo la Theta wanangoja ramani ya mabomba ya maji. Nakuomba tuiunganishe, niitume kazi yake yote ofisini."

"Na picha?"

"Ile ya zamani nitakuwekea kando kwenye flashi. Lakini hapa, kwa programu, itaingia mpya."

Nilipiga pasi suruali ya mteja mpaka ikawa na mstari mkali kuliko alivyoagiza. Ungekuwa hapa ungeniambia, kijana wangu, watu wana kiu. Nikamwambia aunganishe.

Picha yako ilitoweka mara moja. Kioo kizima kikawa viraka vya kijivu, na katikati ya kila kiraka palikuwa na maneno: *Subiri, naja.*

Nilikuwa nimesahau. Uliyaandika kwa ajili yangu, kwa sababu nilikuwa nikiona kijivu nadhani mashine imekufa. "Nikichelewa usiogope, Baba," ulisema wakati ule. Bila intaneti maneno hayo hayakuwa yanatokea, maana hapakuwa na cha kungojwa. Miezi yote hiyo nilikuwa nimekushikilia pale uwanjani, na hapohapo nikakunyamazisha.

Kisha kiraka cha nyumbani kikafunguka. Paa ni lile lile. Msalaba uko mahali pake. Mzee mmoja amepiga magoti, ameshika kona yake, na kona ya upande wako imejikunja kwa upepo.

Njoroge aliniona nikifuta macho, akadhani ni ule ucheleweshaji ulionichosha. "Usijali, Mzee. Naweza kuifanya ifunguke haraka, hayo maneno hata hutayaona."

Nilimwomba ayaache.

Flashi iko kwenye droo ya vifungo. Sijaifungua. Lakini kila asubuhi nanunua bando la intaneti, naifungua programu, naweka kikombe chako mahali pake, na kabla Gitothua haijafika, unaniambia tena.

Nasubiri, mama.

Kijana wako,
Baba