Mafuta ya Mwanaesha Ndani ya Injini Yetu

Jumanne, baada ya magharibi.

Kismayu leo ina upepo wa mchanga. Umeingia kwenye unga, kwenye kitanda, kwenye meno. Nimefagia mpaka mgongo ukanikataa, na bado nyayo zinakwaruza sakafuni. Nashukuru kidogo, kwa sababu mtu akiniuliza mbona macho yangu mekundu nina cha kusingizia.

Ukweli ni kwamba nina wivu.

Naandika hapa kwa sababu wanaosoma hawanijui, na wanaonijua hawasomi. Jirani yangu Halima angenisikiliza, lakini Halima ndiye aliyeniletea maneno haya mlangoni, na sitaki kumpa raha ya kuona yalivyonikaa.

Mume wangu Abdi ana gari dogo la mizigo. Hupeleka barafu, unga na sukari Gobweni, kule mto Juba unakoingia baharini, na kurudi na ndizi na maziwa. Safari yenyewe si ndefu. Zamani akiondoka baada ya chai, adhuhuri yupo mlangoni anauliza kumepikwa nini. Siku hizi alasiri inaingia na kutoka, yeye hayupo. Nikipiga simu ananiambia gari halivuti. Limekosa nguvu kwenye mchanga. Limezimika, analingoja lipoe.

Gari. Kila siku gari.

Na huko Gobweni kuna mwanamke anaitwa Mwanaesha. Mjane, mtu wa Chula, visiwani kwetu Wabajuni, anauza chai na mahamri pale magari yanaposhusha mizigo. Sijapata kumwona. Halima ndiye aliyemwona, akanieleza kwamba ana meno mazuri, anacheka kwa sauti, na kwamba mume wangu ana kiti chake pale. Si kiti chochote kilichokuwa wazi. Kiti chake.

Tangu siku hiyo sijijui. Nimenusa mashati yake yote. Nimeifungua simu yake alipokuwa anaoga, nikakuta picha za ndizi. Ndizi mbichi, ndizi mbivu, ndizi zimepangwa kwenye gari. Mwanamke mwenye akili angefurahi. Mimi nikawaza, huyu mtu amefuta kila kitu akabakiza ndizi.

Naomba nieleweke. Sikatai alichokihalalisha Mungu. Namkataa Mwanaesha.

Basi leo asubuhi Abdi akasema analipeleka gari kwa Fundi Shee, kule Farjano. Nikasema nakuja. Akanitazama. Nikamwambia nina haja sokoni, na sokoni sikuwa na haja yoyote. Nilitaka kumsikia fundi kwa kinywa chake akisema gari hili zima kabisa, ili nimshike mume wangu papo hapo mbele ya shahidi.

Fundi Shee ni Mbajuni mwenzangu. Watu wake wametoka kisiwa cha Kudhaa kama wangu, na ufundi aliusomea Mombasa wakati sote tulikuwa wakimbizi. Hatuna damu moja lakini tunaitana ndugu. Akanipa kreti ya soda nikalie, akapangusa mkono wake kwa tambara kabla ya kumsalimia Abdi, akaomba gari liwashwe.

Likawaka. Likatetemeka lote, mlio ukipanda na kushuka wenyewe, likataka kuzima, likashtuka tena. Moyo wangu ukaanza kulegea kidogo, maana hata mimi nisiyejua kitu nilisikia kwamba hiyo si sauti ya gari zima. Lakini nikajiambia, subiri.

Fundi akachomeka kidude chake cha kusomea chini ya usukani, akakitazama, akaguna. Akasema kinalalamikia sensa ya hewa. Nikauliza hiyo ndiyo nini, kwa kuwa nilikuja kusikiliza ushahidi na nilitaka niuelewe. Akanieleza bila kunicheka. Kwenye bomba ambalo injini inavutia hewa kuna waya mwembamba kama unywele, unapashwa moto. Hewa ikipita inaupoza. Kwa jinsi unavyopozwa, kompyuta ya gari inajua hewa iliyoingia ni kiasi gani, na petroli imwagwe kiasi gani. Waya ukitoa habari za uongo, petroli inakuja pungufu au inazidi, na gari linakuwa halina nguvu.

Abdi akataka sensa ibadilishwe basi, yaishe. Fundi akakataa. Alisema kidude kinaweza kuilaumu sensa, kumbe bomba limepasuka na hewa inaingia pembeni, au nyaya zake zimeliwa na kutu. Akalipapasa bomba lote kwa vidole, akazifuata nyaya mpaka mwisho wake. Vyote vizima. Halafu injini ikiwa inaunguruma vilevile, akachomoa soketi ya sensa.

Nilidhani gari litazima. Likatulia.

Mtetemo ukaisha, mlio ukanyooka. Fundi akacheka peke yake. Alituambia kwamba kompyuta ikikosa habari hukisia yenyewe, na makisio yake yameshinda habari ilizokuwa inaletewa. Kwa hiyo mgonjwa ni sensa.

Sijui niandike vipi nilivyojisikia. Gari bovu kweli! Siku zote zile aliponiambia yuko mchangani, alikuwa mchangani kweli. Nikamwangalia Abdi, shati limemganda mgongoni, nikamwona kama siku ya kwanza nilipomwona Mombasa akiuliza njia kwa Kiswahili chake kibovu. Nilitaka kumshika mkono pale pale mbele za watu. Nikaanza hata kupanga chakula cha usiku, samaki wa nazi, na ndimu nyingi kama anavyopenda.

Furaha hiyo ilidumu mpaka fundi alipofungua kasha la chujio la hewa.

Harufu ilinifikia kabla hajasema kitu. Nilikuwa nimekaa mbali, upepo unavuma, petroli inanuka kila upande, na bado niliijua. Sifa ya papa. Asubuhi njiani kuna kitu kilinigusa pua nikadhani ni samaki wa bandarini, lakini hapa hapakuwa na kudhani.

Kwa wasioijua, sifa ni mafuta yanayotoka kwenye ini la papa. Kwetu visiwani hupakwa mbao za vyombo vya baharini ili maji na wadudu wasizile. Baba yangu alikuwa fundi wa mashua, na mimi nimezaliwa ndani ya harufu hiyo. Haitoki. Haitoki kwa sabuni wala kwa udi. Mombasa shuleni wenzangu walikuwa wanaziba pua nikipita, na nilipokuwa mkubwa niliapa kwamba haitaingia nyumbani kwangu. Abdi si mtu wa pwani, amezaliwa kwenye mashamba ya Jilib. Tumeoana miaka yote hii na sijapata kumwonyesha sifa. Nilimficha. Nilitaka aninuse udi tu.

Chujio lilikuwa limelowa mafuta ya manjano. Fundi akaitoa ile sensa na kuinua juani, na ule waya ulikuwa umevishwa utando, vumbi limegandia juu yake. Akasema hapo utausikiaje upepo. Akanigeukia mimi, si Abdi, akaniuliza:

"Nani alopaka gari sifa? Hii si mashua, nduu yangu."

Alidhani ni mimi. Kwa nini asidhani? Binti wa fundi wa mashua yupo pale amekaa kwenye kreti. 

Abdi ndiye aliyejibu. Kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei ya vitunguu. Akasema Mwanaesha wa Gobweni alimpa chupa. Aliona chumvi inavyolila gari, akamwambia watu wa kwao hawaachi chombo kikavu karibu na bahari. Abdi akapaka milango, akapaka chini, na kwa kuwa mafuta yalibaki, akapaka chujio pia. Kila Ijumaa, huko huko Gobweni, kwa shati kuukuu analoliacha garini. Alijivunia. Alidhani analitunza.

Lile jina lilivyomtoka mdomoni ndilo lililoniua. Angesitasita ningekuwa na la kushika. Hakusita.

Kwa hiyo alikuwa anachelewa kwa sababu ya gari, na gari lilikuwa bovu kwa sababu ya Mwanaesha. Nilikosea na nilipatia, yote kwa pamoja, na hakuna hata mmoja pale wa kumweleza.

Lakini si kuchelewa kulikoniuma. Kama Mwanaesha angempa saa, au kofia, au shati, ningejua la kufanya, ningelia na kupiga kelele kama wenzangu. Yeye amempa kitu changu. Kitu cha baba yangu. Kile nilichokionea aibu nikakifungia nje, yeye amekibeba kwenye chupa akakiweka mkononi mwa mume wangu, na mume wangu hakuziba pua. Alikipenda. Alikuwa anakipaka kila Ijumaa.

Fundi aliipulizia sensa dawa yake ya kopo, bila kuugusa waya, akaiacha ikauke kivulini. Kasha akalisafisha kwa tambara, chujio akalitupa, akaweka jipya. Alipomaliza, gari likawaka na kutulia kama linafikiria kitu. Akamwagiza Abdi apake sifa chini na milangoni akitaka, ila mahali pa kuvuta hewa pabaki pakavu. Abdi akashukuru kwa furaha. Gari sasa litaruka. Atafika Gobweni kabla chai ya Mwanaesha haijachemka, na mimi ndiye niliyeketi pale nikisimamia litengenezwe vizuri.

Najua unachotaka kuniambia, wewe unayesoma. Kwamba mimi ndiyo ile sensa, nimegandwa na utando, sisikii hewa inavyopita. Nyamaza. Nimeshaliwaza mwenyewe njiani tukirudi, na halikunisaidia.

Chupa ya sifa ilikuwa chini ya kiti cha gari, imefungwa kwa nailoni. Niliitoa nikaingia nayo jikoni, nikaifungua. Nilitaka kuimwaga. Nikainusa, nikakaa chini pale pale kwenye mchanga niliochoka kuufagia, nikamkumbuka baba anavyofuta mikono kwenye kikoi, mama akimgombeza. Nikalia. Kisha nikakasirika upya, kwa sababu hata baba yangu leo nimekumbushwa na Mwanaesha.

Sikuimwaga. Iko nyuma ya debe la mafuta ya taa. Sijui naiweka ya nini.

Samaki wa nazi nilimpika, maana nazi nilikuwa nimeshaikuna. Tulipokuwa tunakula, Salma binti yetu akatuangalia mmoja mmoja akaondoka na sahani yake. Nikaona nikingoja nitapasuka. Nikamuuliza kwa Kibajuni, lugha ambayo nikiwa na yeye siitumii ila nikiwa na hasira.

"Abdi, wamchaka yule mchu?"

Hakujifanya hajaelewa kwamba namuuliza kama anamtaka yule mtu. Aliuchambua mwiba wa samaki polepole, akauweka pembeni ya sahani. 

"Nataka nikifika mahali niulizwe kama nimechoka," akasema. "Hapa naulizwa nimetoka wapi."

Akanawa mikono, akavaa kofia, akaenda msikitini kungoja isha. Ndiyo napata nafasi ya kuandika.

Hilo si jibu. Nimelizungusha kichwani tangu atoke na naapa si jibu. Hakusema ndiyo wala hapana. Mwanamke mwingine angemkimbilia mlangoni amwambie nimekuuliza jina la mtu, umeniletea malalamiko. Nilikuwa na maneno hayo tayari kwenye ulimi.

Ila nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipomuuliza kama amechoka. Nikarudi nyuma, nikarudi, mpaka nikafika Mombasa. Na huko Gobweni yupo mtu anayemwaga chai na kuuliza hilo kila siku, bure, kwa sauti ya watu wa Chula. Ndiyo maana ana kiti. Nisingekuwa na wivu ningekuwa mjinga.

Bado namchukia. Niwe mkweli, leo namchukia zaidi ya jana, kwa sababu jana nilidhani ana meno mazuri tu.

Kesho Abdi ataondoka asubuhi na gari zima, na atarudi adhuhuri au hatarudi adhuhuri. Akirudi, saa yoyote itakayokuwa, neno la kwanza kinywani mwangu litakuwa, umechoka? Hilo tu. Nimelifanyia mazoezi hapa jikoni peke yangu, nimelisema kwa sauti ya juu, nimelisema kwa sauti ya chini, nimelisema nikitabasamu.

Kila nikilisema, linatoka kama, ulikuwa wapi.