Vidonge Ulivyoniomba Nikutumie

Kwako mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kama si mzima kabisa, basi angalau umeweza kukaa kitako ukasoma. Mimi nipo. Macho bado yananitii, miguu inanitii ikipenda, mikono ndiyo imegoma. Kurasa hizi chache zimenichukua siku nne. Jirani yangu alijitolea kuniandikia, nikakataa. Utaona kwa nini.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita. Nilicheka uliposema binti yako sasa anatembea kama kinyonga, ila ulimi wake unawashinda mbio shangazi zake wote. Halafu nikafika pale unaponiomba mambo mawili: nimwandikie maneno makali, kwa kuwa analala tu na kusingizia viungo hali uvimbe umeshapungua, na nikutumie vile vidonge vyeupe nilivyokuponya navyo ujanani. Tangu siku hiyo barua yako ipo mezani, nami naipita kama mgeni nisiyejua nimkaribishe vipi. Wewe ndiye ndugu pekee niliyebaki naye, na jibu langu laweza kunipotezea hata wewe.

Nianze na habari zangu. Baridi yabisi imenishika mwaka wa sita sasa. Daktari wangu ni mwanamke kijana. Ananiita babu, na hunitania kwamba mimi ndiye mgonjwa wake pekee anayekuja na maswali yameandikwa kama mtihani. Mwaka huu dawa zilishusha uvimbe, na damu ilipopimwa ikaonekana imetulia. Maumivu hayakuondoka. Niliona haya kumwambia, nikauliza kwa kuzungukazunguka: mtu ambaye uvimbe wake umeisha na bado analia, je, si anadeka tu?

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Alinieleza kwamba ndani ya kiungo kuna utando laini, nao ukivimba kwa muda mrefu hutoa kemikali zinazoichokoza mishipa ya fahamu mpaka inakuwa myepesi kushtuka. Uti wa mgongo nao, kwa kupokea habari za maumivu siku baada ya siku, huzoea kuzikuza, hata kinachofika kwenye ubongo kikawa kikubwa kuliko kilichotumwa. Uvimbe waweza kuondoka na mishipa ikabaki macho, kama mlinzi ambaye hakuna aliyekumbuka kumwambia vita vimekwisha. Hata mguso wa shuka, alisema, waweza kuuma. Hakuna anayeigiza hapo.

Aliposema shuka, nilishindwa kumtazama usoni.

Unalikumbuka lile banda letu la udobi: mapipa ya maji ya moto, shuka za hoteli, na baba akitoa amri kama jemadari. Kazi yako ilikuwa kukamua. Mimi nilikuwa nimeshapata kazi ya kutoa dawa zahanati, na nyumba nzima mkaniita Daktari, mama kwa majivuno, wewe kwa utani. Ulipolalamika mikono, niliitazama. Uvimbe wa mwanzo ulikuwa umeshuka. Nikaamua unakwepa kazi.

Sasa vumilia, mdogo wangu. Vile vidonge havikuwa dawa ya viungo. Vilikuwa vitamini, tulivyowapa watoto wasiopenda kula. Nilivifunga kwenye karatasi, nikakuambia ni dawa mpya, kali, umeze kimoja baada ya chakula. Nilikuwa nakutega. Siku ya tatu ulikuja unaimba, ukaniambia mikono imekuwa myepesi, nami sikufurahi kwa ajili yako. Nilifurahi kwamba nimekukamata. Nilikwenda moja kwa moja kwenye meza ya pasi nikamwambia baba kwamba binti yake amepona kwa vitamini, kwa hiyo hakuwa na ugonjwa wowote: uvimbe umeisha, maumivu nayo yameisha, anadeka tu. Nikamwomba asikuambie habari za vitamini. Alikurudisha kwenye mapipa akikuambia uvimbe ukiisha maumivu nayo yameisha, usideke, ukakamua miaka tisa, mpaka tulipotawanyika.

Hili nalo nilimuuliza daktari, nikijifanya ni habari za mtu mwingine. Alisema nafuu ile ilikuwa ya kweli: ubongo unaotumaini msaada waweza kupunguza maumivu kwa kemikali zake wenyewe, kwa muda, na hata aliyevunjika mfupa aweza kuipata. Haikuthibitisha uongo wa mtu. Mwongo katika banda lile alikuwa mimi. Na miaka arobaini umenishukuru katika kila barua, nami nimekujibu usijali.

Mpeleke binti yako kwa daktari wa viungo, mapema, kabla vidole vyake havijapinda kama vyako. Dawa za kweli zipo siku hizi. Na yale unayomwambia kila asubuhi, kwamba uvimbe ukiisha maumivu nayo yameisha, kwamba anadeka: hayo si maneno yako. Niliyasema mimi kwanza, kwa baba, ukayasikia kutoka kwake. Tafadhali usimwambie tena. Mpe barua hii, aisome yote, asiruke kitu.

Nisalimie shemeji na wote wanaoniulizia. Sikuombi msamaha kwa njia ya posta. Ukitaka kunyamaza, nyamaza kadiri utakavyo. Ila nijulishe, hata kwa mstari mmoja wa mkono wa mwanao, kama ameonwa na daktari.

Ni mimi,
kaka yako.