Kitanda cha Pembeni na Kitu Kinachomla Nyakio

Mpendwa Mama Mshauri,

Pokea salamu katika jina la Bwana, mimi ni mama wa makamo hapa Kiplombe, na nakuomba usinicheke, maana jambo hili nimelipeleka kanisani nikarudi nalo nyumbani vile vile. Mdogo wangu Nyakio alianguka kutoka juu ya trela wakati wa kuvuna mahindi kule Sugoi, akavunjika paja, na hospitalini wakamlaza kwa kile kitanda cha pembeni chenye vyuma vya kuning'iniza mguu, mguu ukafungwa kamba yenye mfuko wa mchanga, akaambiwa asijisogeze mpaka mfupa ushike. Sasa hicho kitanda, Mama, kinajulikana. Sisi akina mama wa ushirika huenda kuombea wagonjwa kila Jumapili, na hapo tuliomba na mzee Isaiah, tukaja kuomba na kijana wa watu, Wamalwa, wote wamevunjika mapaja tu, si ugonjwa wa kuua mtu, na wote tukawazika. Kwanza mgonjwa anasema kuna kitu chini yake. Halafu inakuja harufu, tamu-tamu kama viazi vimeozea kwa gunia, hata sakafu ikioshwa na dawa. Halafu anaanza kutetemeka na kuongea na watu hatuwaoni. Ndipo tukashona pazia jeupe, tukaliombea, tukazungushia kitanda ili hiyo roho isivuke kwa wengine, na tangu hapo hata wafanyikazi wanapita mbio, uji unapitishwa kando ya pazia, na sisi tunaomba tukiwa nje, mkono haugusi mgonjwa.

Sasa aliye ndani ni damu yangu. Juzi nilijikaza nikaingia. Nyakio ni mtu wa mzaha, akaniambia, "Dada, waambie hao mama zako waimbe kwa sauti, huyu mwenzangu wa chini hasikii vizuri." Nikamuuliza mwenzako gani. Akaacha kucheka. "Kuna kitu kinanila. Polepole. Na siku hizi hata hakiumi." Nikainama nikaangalia chini ya kitanda, nikaona simiti tupu na kivuli cha ule mfuko kikizunguka, na madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Na ile harufu nikaisikia.

Nilimwambia bwanangu Githinji tumtoe, tumpeleke kwa mzee wa kuunga mifupa, akasema, "Mama Wanyoike, ukifungua hiyo kamba ni wewe utakuwa umemuua." Nilipomgusia sista wa wodi, aliangalia kwanza picha ya Rais pale ukutani, akaniambia chini chini, "Mama, hii ni hospitali ya serikali. Usianze maneno ya kusema inamaliza watu." Je, nimtoe, ama nimwachie Mungu?

Mama Wanyoike, Kiplombe

JIBU

Mama Wanyoike,

Jibu hili nimekutumia kwa mkono wa mtu anayekuja huko kwenu Eldoret, kabla gazeti halijachapwa. Kwa hivyo ukilisoma, vaa viatu.

Sikucheki hata kidogo. Uliangalia chini ya kitanda. Je, chini ya Nyakio uliangalia? Ni nani ameuona mgongo wa mdogo wako tangu alazwe?

Kinachomla kipo, mwamini. Ni uzito wake mwenyewe. Mtu akilala chali bila kuinuliwa, juu ya shuka lenye jasho na mkojo, nyama ya makalio na visigino inakosa damu, inakufa, inaoza. Ikishakufa haiumi, na hapo ndipo mimi naogopa. Harufu ndiyo hiyo. Kule kutetemeka na kuongea na wasioonekana ni sumu ya kidonda imeingia kwa damu. Wote waliovunjika mapaja hulazwa hapo kwa sababu vyuma viko hapo, na hamkumwinua hata mmoja. Mliogopa, mkashona pazia, mkamficha mgonjwa asionekane na watu wa kumsaidia. Mama, hiyo roho mliifungia ndani pamoja naye.

Usimtoe. Githinji amesema kweli, kamba isiguswe. Nenda leo na wanawake wenzako wenye nguvu, nawaeni mikono kwa sabuni, umwambie sista, "Tumekuja kukusaidia kumwinua Nyakio, tuonyeshe." Usitaje kitanda kinachoua. Sema mgonjwa ana kidonda mgongoni, kidonda hakina siasa. Sista aangalie mguu, ninyi mwinue kiuno moja kwa moja juu bila kumpindua. Daktari akione leo, aanze dawa. Sista akikataa, mtafute matroni, mkubwa wa masista, ukae mlangoni kwake na uimbe tenzi zote unazozijua mpaka atoke.

Baada ya hapo pangeni zamu usiku na mchana, ainuliwe kila baada ya saa chache, awe mkavu, shuka lisiwe na mikunjo, ale mayai na maharagwe. Akianza kutetemeka msingoje Jumapili.

Pazia litoeni. Lichemsheni, mlikaushe juani, mumtandikie. Na siku ya maombi, kila mmoja wenu atie mkono chini ya mgongo wa mgonjwa kwanza, ndipo afumbe macho.