Nilivyopandishwa Mzani wa Mpunga

Rujewa, Jumanne, Agosti 1975

Tena mbele ya kijiji kizima cha Ubaruku! Mimi, Bwana Afya, niliyekwenda kuwafundisha madhara ya unene.

Somo lilikwenda vizuri mpaka nilipowaomba wapande mzani wa mashine ya mpunga. Mzee Masanja, mfugaji mwenye tumbo kubwa kuliko wote pale, alikataa.

"Mwanangu, mimi si ng'ombe wa mnadani. Panda wewe kwanza."

Nikapanda. Mwenye mashine akaongeza jiwe la mzani, akaongeza tena, kisha akatangaza kwa sauti kwamba nimelizidi gunia. Akina mama walicheka mpaka wakakaa chini. Nilitamani ardhi ipasuke.

Masanja hakucheka. Aliponisindikiza kwenye baiskeli alininong'oneza kwamba siku hizi kiu haimwishi, na anapokojoa sisimizi hujaa.

"Mzee, huenda hiyo ni kisukari. Twende ukapimwe hospitali, Mbeya."

"Nitakwenda ukipimwa na wewe. Tumbo lako na langu ni ndugu."

Nikakubali. Wengine nawahimiza kila siku wakapimwe, mwenyewe nakwepa. Marehemu baba aliondoka na ugonjwa huo huo, na kiu hii yangu ya tangu Pasaka...

Naogopa. Basi, nimeandika.

Jioni nilimwambia mke wangu kwamba Alhamisi nakwenda Mbeya na Mzee Masanja, namsindikiza mgonjwa.

Akanitazama tumbo. "Mgonjwa ni yupi kati yenu?"